Kwa mwalimu wa ajira mpya: mkaribishe mwenzako akae nyuma ya darasa

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti kituoni juzi, karibu kazini. Najua umekabidhiwa ratiba na vipindi hata kabla hujapata chumba cha kupanga. Pamoja na hayo yote, nakuomba jambo moja katika wiki hizi za mwanzo: mtafute mwalimu mmoja hapo shuleni, umwombe aje akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja.

Mimi nilianza mwaka 2016, mwaka ambao elimu bila malipo ilianza na watoto wakamiminika madarasani. Nikapangiwa Hisabati darasa la tano. Ofisini nilisalimia wakubwa, nikakaa pembeni, nikasahihisha kimya. Niliamini mwalimu akiuliza ataonekana hajui kazi. Nilifundisha kujumlisha sehemu kwa wiki mbili, nikatoa zoezi, na zaidi ya nusu ya darasa wakaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Nikarudia KDS (kigawe kidogo cha shirika) ubaoni. Nikarudia tena, sauti ikiwa juu zaidi. Zoezi lililofuata likarudi na 2/5 zilezile.

Aliyeninusuru ni mama mmoja wa darasa la pili, mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) aliyekaribia kustaafu. Aliona madaftari yangu mezani akaniuliza, "Mwanangu, hawa watoto unawachorea nini?" Nikamweleza. Akaomba aje kutazama.

Alibanana na watoto wawili kwenye dawati la mwisho, na kipindi kizima hakunitazama mimi. Alitazama kalamu zao. Tulipotoka aliniambia kwa upole kwamba nilichora duara moja lenye vipande viwili, kimoja nimekitia rangi, na pembeni yake duara jingine, dogo kidogo, lenye vipande vitatu, kimoja nimekitia rangi. Watoto walihesabu walichokiona: vyenye rangi viwili, vyote vitano. Kwa michoro yangu, hawakukosea kuhesabu! Mimi ndiye nilikuwa sijawaonyesha kwamba nusu na theluthi zinatoka kwenye kitu kizima kilekile.

Kesho yake tulikata karatasi ndefu zinazolingana, kila mtoto na yake mbili. Moja wakaikunja nusu, nyingine sehemu tatu sawa, kisha zote mbili wakazikunja hadi kila moja ikawa na visehemu sita. Nusu ikawa vitatu, theluthi ikawa viwili. Asili ya 6, yaani ile namba ya chini, waliiona mikononi mwao, na 5/6 wakaitaja wenyewe. Miaka yangu ya chuo haikunipa kitu kikubwa kama dakika 40 za mama yule.

Kwa hiyo mwenzako akija, mwambie asikutazame wewe. Kubalianeni kabla ya kipindi swali moja tu, kwa mfano, watoto wanakwama wapi, kisha awatazame watoto. Nawe nenda darasani kwake wiki inayofuata, ili isiwe kama ukaguzi. Wajapani wana desturi ya namna hii, waiitayo jugyo kenkyu, na wameilea kwa zaidi ya miaka 100.

Siku hizi hitaji hili limezidi. Mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika mwaka 2024, kwa kuanzia na darasa la awali, la kwanza na la tatu kwa upande wa shule za msingi, hata sisi wa siku nyingi tuligeuka wageni. Somo kama Historia ya Tanzania na Maadili, hakuna kati yetu aliyelisoma kwa sura hiyo akiwa mtoto. Wewe pengine unaifungua maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) kwa simu haraka kuliko sisi. Sisi tunawajua watoto na nyumba wanazotoka. Tuhitajiane bila kuoneana aibu.

Kupitia MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, utakutana na jumuiya ya kujifunza ya shule au ya kata. Nimeona vikao vingine vikiishia kwenye kusaini mahudhurio. Ukikuta hivyo, usidharau. Nenda na madaftari matano yenye kosa moja linalofanana, uyaweke mezani. Mazungumzo yatabadilika. Ila kutumiana andalio la somo WhatsApp na kubadilisha jina la shule, kwa maoni yangu huo si ushirikiano, kwa sababu watoto wako hawamo ndani ya karatasi hiyo.

Nisikufiche: si kila mtu ni wa kumkaribisha. Kuna mmoja alilibeba kosa langu hadi ofisini, wakacheka. Niliumia, nikajifungia muhula mzima, na waliolipa gharama ni wanafunzi wangu. Chagua mtu anayewatetea watoto hata wasipokuwepo, huyo hatakucheka.

Na kama shule yenu ina walimu wachache na kila mmoja yuko darasani saa zote, mwombe wa shule jirani mkutane Jumamosi moja. Beba madaftari yenyewe, usipige picha. Zile alama za kufuta na jibu la kwanza lililokatwa ndizo zitakazowaonyesha mtoto alikuwa anawaza nini.