Presha kushuka baada ya sindano ya mgongo

Dada, umeuliza kama inawezekana kujua mapema iwapo presha yako itashuka ukichomwa ganzi ya mgongoni, kwa kuwa wewe ni mjamzito mwenye uzito mkubwa. Hakuna kipimo kimoja cha uhakika. Ganzi hulegeza mishipa ya damu, na ukilala chali mji wa mimba hukandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni. Ndiyo maana dripu na dawa ya kupandisha presha huandaliwa kabla. Kama ukilala chali huwa unapata kizunguzungu, mwambie mtaalamu wa usingizi, yaani anayekuchoma ganzi. Muulize pia kama mkanda wa kupimia presha unakutosha mkononi: ukiwa mdogo, husoma juu kuliko ukweli. Ukisikia kichefuchefu ghafla baada ya sindano, huenda presha inashuka: sema papo hapo, tafadhali usivumilie.