Kwa anayeanza kuchora bila kupanga

Ukiketi na karatasi ili kuichunguza nafsi yako, usihofu kuchora vibaya. Hofu pupa ya kutafuta maana. Mstari haujafika nusu ya karatasi, tayari unajiuliza: hiki ni nini? Swali hilo likishaingia, mkono huacha kwenda kwa hiari yake na huanza kutii amri.

Angalia jinsi inavyotokea. Mkono unazunguka, mistari inakatana, mara kwenye kona ya juu unaona jicho. Papo hapo utatamani kuliongezea kope, halafu jicho la pili, halafu pua. Hapo unachora tena sura uliyoizoea tangu utotoni, na akili ya ndani imeshanyamazishwa. Mimi huwaambia wanaoanza: liache jicho hilo, hamishia kalamu mahali pengine. Kama lina uzito kwako litarudi lenyewe, pengine kwenye karatasi ya wiki ijayo.

André Masson, mchoraji wa Ufaransa aliyejulikana kwa michoro ya aina hii miaka ya 1920, aliuacha wino uende kasi bila mada, na picha ilipojitokeza mara nyingine aliikamilisha. Lakini yeye alikuwa anatafuta sanaa. Wewe unayetaka kujitambua huna deni la kumaliza picha yoyote.

Vifaa visikusumbue. Tumia kalamu ya wino, maana penseli inakuja na kishawishi cha kifutio, na karatasi ambayo hutaionea huruma. Dakika 10 zinatosha. Andika tarehe nyuma, kisha iweke pembeni bila kuichambua.

Karatasi moja haisemi lolote la maana kukuhusu. Hili nalisisitiza sana. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alipokuwa akichora miduara midogo kwenye daftari kila asubuhi mwaka 1918 na 1919, aliona kwamba inabadilika pamoja na hali ya nafsi yake. Ni mfululizo ndio uliomfundisha. Kwa hiyo subiri wiki kadhaa, halafu tandaza karatasi zako zote sakafuni kwa mpangilio wa tarehe. Mstari huanzia wapi? Kalamu imekandamizwa wapi hadi karatasi ikaacha kovu upande wa nyuma? Sehemu gani hubaki nyeupe kila mara? Umbo gani linajirudia hata siku ambazo ulikuwa na furaha? Achana na orodha zinazodai kwamba nyoka ni hofu na nyumba ni mama. Nyoka wako anaweza kuwa mto, au kamba tu, na anayeweza kusema ni wewe.

Ukitaka kumwonyesha mtu, chagua asiye na haraka ya kutafsiri. Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, alichora mstari ovyo, mtoto akaugeuza kuwa kitu, kisha wakabadilishana zamu; mazungumzo yalizaliwa humo. Mwombe rafiki yako akueleze anachokiona kwa macho tu, wewe ndiye useme kinakugusa wapi.

Na kama michoro inakuletea kumbukumbu nzito zinazokunyima usingizi, simamisha zoezi, chukua karatasi hizohizo uende nazo kwa mshauri nasaha. Atapata pa kuanzia.