Kupima huduma ya simu kabla ya kuandika programu

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuipima huduma yako ya bei za mazao kwa meseji kabla hujamlipa mtu wa programu. Unaweza, na nakusihi uanze hivyo.

Kabla Pilot, kompyuta ya mkononi iliyokuja kuitwa PalmPilot, haijatoka mwaka 1996, mbunifu wake Jeff Hawkins alitembea na kipande cha mbao mfukoni mwa shati, kana kwamba ndicho kifaa chenyewe. Akiulizwa kama ana nafasi ya kikao, anakitoa na kukigonga kana kwamba anaangalia kalenda.

Kwako ni rahisi zaidi. Mkulima anatuma MAHINDI kwenye namba yako, wewe una bei za sokoni mezani, unamjibu kwa mkono kwa maneno yaleyale ambayo mtambo ungetumia. Usimpigie kumfafanulia! Akiandika "mahind" au "debe bei gani leo", usimsahihishe, ihifadhi ilivyo. Humo ndimo utajua kama watu wako wanahesabu kwa debe, gunia au kilo. Mwishoni mwambie wazi kwamba aliyekuwa anajibu ni mtu, na umwombe ruhusa ya kutumia meseji zake.

Kuwauliza watu kwa dodoso peke yake hakutoshi, maana matumizi yenyewe huonekana wakishaanza kuitumia huduma. Majaribio ya M-Pesa Kenya, 2005, yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na huduma ilipozinduliwa 2007 hiyo ndiyo ikawa kazi yake kuu.

Ila kasi na kukatika kwa mtandao jaribio hili halitakuonyesha. Hilo lipime baadaye, tena kwa kitochi, siyo kwa simu janja yako.