Mbwa kukimbia beseni si ukaidi

Umeuliza kwa nini mbwa wako bado anatoroka akiona beseni, ilhali maji ya moto yalimuunguza mara moja tu, tena mwaka jana. Anatoroka kwa sababu kutoroka kunamlipa.

Mwaka 1947 mwanasaikolojia Mmarekani O. H. Mowrer alieleza hatua mbili za mnyama kujifunza kukwepa. Kwanza ishara, hapa ni beseni, inafungamana na maumivu na kuzaa hofu. Kisha mnyama akikimbia, hofu inashuka, na nafuu ile ndiyo tuzo yake. Wengi huchanganya tuzo ya namna hii na adhabu, lakini adhabu hupunguza tendo. Nafuu hii huliimarisha.

Mwaka 1953 watafiti Solomon na Wynne waliwaweka mbwa katika sanduku lenye sehemu mbili. Ishara ikitolewa, mbwa alikuwa na sekunde 10 za kuruka kizuizi kabla ya shoti ya umeme (ukatili mtupu, ukiniuliza mimi). Waliokwisha kujifunza waliendelea kuruka mamia ya mara bila kuguswa na shoti. Anayekimbia mapema hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba hatari imekwisha, na wako yuko hapo hapo.

Basi usimburute. Weka beseni kavu mbali naye, mpe kitu anachokipenda akiwa ametulia, kisha lisogeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Akianza kutetemeka au kulambalamba midomo, umeharakisha, rudisha nyuma. Maji yaje mwisho kabisa, tena ya uvuguvugu.