Usiwaache hao wachezaji bado, hesabu dakika kwanza

Mkuu, hiyo orodha ya majina manne unayotaka kuipeleka kwa uongozi Ijumaa, ichane leo.

Nimesoma mara mbili bandiko lako kuhusu timu yako ya mpira wa kikapu. Umeshinda mechi 2, umefungwa 9, dirisha la usajili linafungwa wiki ijayo, na unataka kuwaacha wanne, akiwemo mchezeshaji wako wa kwanza, yule anayeongoza mashambulizi na kugawa mipira, ili uingize wafungaji watatu. Umeuliza pia kama uhamie ulinzi wa eneo (kila mtu analinda sehemu yake ya uwanja badala ya kumfuata mpinzani mmoja), mazoezi yawe mara ngapi kwa wiki, na uongee vipi na wafadhili ambao wameanza kuchoka. Mimi naanza na la wachezaji, maana nilishalifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Miaka minne imepita na bado likinijia usiku sipati usingizi.

Nilikuwa kocha wa timu ya ridhaa. Tulianza msimu kwa kushinda 1 na kufungwa 7. Kati ya hizo saba, tatu tulifungwa kwa pointi zisizozidi nne, lakini ukishakuwa mkiani mwa msimamo hilo hulioni. Unaona namba 7 tu. Watu waliokuwa wanakupigia makofi wanakusalimia kwa mkono mmoja huku wanatazama pembeni.

Hapo akaja mjumbe mmoja wa kamati na daftari lake. Alikuwa amejumlisha pointi za kila mchezaji, akagawa kwa mechi, akapiga mstari mwekundu chini ya majina mawili: mchezeshaji, wastani wa pointi 4, na senta, yule mchezaji wa karibu na kikapu, wastani wa pointi 6. Akaniuliza mbele ya kamati nzima, "Kocha, huyu wa pointi nne anakufanyia nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Swali lile lilinifanya nijione mjinga, na mtu anayejiona mjinga mbele za watu yuko tayari kufanya lolote ili aonekane amechukua hatua.

Yule bwana hakuwahi kukanyaga mazoezini hata siku moja. Hata mechi aliziangalia mbili tu, na moja aliondoka robo ya tatu. Hasira yangu kwake haijaisha. Kutojua hakukuwa kosa lake. Kosa ni kwamba aliongea kwa uhakika wa mtu anayejua, na yalipoharibika hakurudi hata kuuliza tumefikia wapi. Mkuu, na wewe umeandika kwamba "kuna mdau mwenye takwimu" anakushauri. Muulize mazoezi yako yanaanza saa ngapi. Akishindwa kujibu, mshukuru na umuage.

Basi nikawaita wale wawili baada ya mazoezi ya Alhamisi. Mchezeshaji alisema "sawa kocha" akaondoka haraka. Senta alikaa. Alifungua kamba za viatu taratibu, akavua jezi, akaikunja vizuri kama anaiweka kabatini, akaiacha kwenye benchi namba ikiwa juu. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Nani atakuwa anaita?"

Sikumwelewa. Nilimwelewa wiki moja baadaye.

Kuita alikokuwa anakusema ni hivi. Kwenye ulinzi wetu, mpinzani alipokuwa anakuja kumwekea kizuizi mlinzi wa mbele, yaani kusimama njiani mwake ili mwenye mpira apite, yule mlinzi hamwoni, amempa mgongo. Anayemwona ni senta aliyeko nyuma. Wetu alikuwa na sauti nzito, anapiga kelele mapema: "Kushoto! Kushoto! Badili!" Mwenzake anajua kizuizi kinatoka wapi kabla hakijamgusa, anapita juu yake au wanabadilishana. Mechi nzima sauti ile haikukatika. Mimi niliizoea mpaka nikaacha kuisikia.

Kwenye daftari la pointi sauti haipo. Hata karatasi rasmi ya mezani inaandika nani kafunga, nani kafanya faulo na nani kaomba taim auti. Haiandiki nani kaweka kizuizi kilichompa mwenzake nafasi ya kurusha, wala nani kawahi kuziba njia mpaka mpinzani akarudisha mpira nyuma, sekunde 24 za kushambulia zikamwishia mkononi.

Mechi ya kwanza na wafungaji wapya niliowaleta badala yao, mmoja wao alifunga pointi 27. Uwanja ulishangilia. Tulifungwa kwa tofauti ya 14. Nilirudi nyumbani nikijiambia wataelewana tu. Mechi ya pili nikakaa kwenye benchi nikajaribu kusikiliza, nikasikia viatu vinalia sakafuni na kocha wa wapinzani anaelekeza. Wachezaji wangu watano walikuwa kimya kabisa. Mlinzi wangu wa mbele aligongwa na kizuizi kile kile mara tatu ndani ya robo moja, kila mara anageuka kuangalia nyuma kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa jina na asimwone aliyemwita.

Kwenye ushambuliaji ndiko kulikobomoka zaidi. Nilikuwa na mrushaji wa pembeni, kijana mtulivu, pointi tatu alikuwa anazipiga vizuri sana. Yule mchezeshaji wa zamani alimjua: mpira alikuwa anampa usawa wa kifua, upande wa kulia kidogo, ili kijana asilazimike kuushusha kabla ya kurusha. Walikuwa wamecheza wote misimu miwili. Mchezeshaji mpya alikuwa na mbio, na chenga zake zilikuwa nzuri kuliko za yule wa kwanza, lakini pasi zake zilifika magotini au begani. Kijana anainama, anaokota, anainuka, mlinzi ameshafika. Ndani ya wiki tatu akaacha kurusha kabisa. Akipewa mpira anarudisha. Nilimgombeza, nikidhani ameingiwa na woga. Hilo la kumgombeza linaniuma kuliko kufungwa kwenyewe, kwa sababu kijana hakuwa na kosa lolote, na aliomba msamaha.

Mechi 14 zilizobaki tulishinda 3.

Wale wawili niliowaacha walienda pamoja kwenye timu iliyokuwa katikati ya msimamo. Tulikutana nao mwishoni mwa msimu. Senta alikuwa na alama moja: kabla ya kuja kuweka kizuizi anaficha mkono nyuma ya kiuno na kukunja ngumi, mchezeshaji wake anajua ni upande gani. Ngumi ile niliijua, waliitunga kwenye mazoezi yangu. Nilisimama pembeni ya uwanja, naiona ngumi, najua kinachofuata, nawapigia kelele wachezaji wangu na hawajui ninachokiongelea kwa sababu hawajawahi kuiona. Mchezeshaji anapita, senta anageuka na kukimbilia kikapuni, pasi inamkuta hewani. Tulifungwa kwa pointi 21. Baada ya mechi senta alikuja kunipa mkono na kuniita kocha kama zamani.

Sasa nisikilize hapa, Mkuu, ndipo nilipotaka kukufikisha.

Msimu ulipoisha nilichukua video za zile mechi 8 za mwanzo, za 1 na 7, nikakaa na saa ya kupimia muda. Nilitaka kujua kitu kimoja: wale watano wangu wa kwanza, mchezeshaji, mrushaji, mabawa wawili na senta, walikuwa uwanjani kwa pamoja, wote watano kwa wakati mmoja, dakika ngapi? Mechi 8 za dakika 40 ni dakika 320. Jibu lilikuwa dakika 71.

Dakika 71 hazitimizi hata mechi mbili. Mrushaji alikuwa ameteguka kifundo cha mguu akakosa mechi tatu. Senta alikuwa anajaza faulo mapema namtoa. Na mimi mwenyewe, kwa presha, nilikuwa nabadilisha watu kila tukipitwa kwa pointi sita. Kwa hiyo kikosi nilichokivunja kwa kushindwa mechi 7 kilikuwa hakijacheza hata mechi mbili kamili. Na cha kuumiza zaidi, katika zile dakika 71 tulikuwa tunaongoza kwa jumla ya pointi 9. Kilichotufungisha kilikuwa kwenye dakika 249 nyingine, na hakuna aliyekuwa ameziangalia, kuanzia mimi.

Ndiyo maana nina kanuni moja tu, na kila anayeniuliza namwambia hiyo hiyo: usimwache mchezaji yeyote wa kikosi cha kwanza kabla watano hao hawajafikisha dakika 200 za pamoja. Hizo ni mechi tano kamili. Namba hiyo niliiweka mwenyewe baada ya misimu mitatu ya kupima timu zangu, mtu mwingine anaweza kuwa na yake. Lakini uwe nayo, na uiandike kabla hujaanza kufungwa, maana ukishafungwa hutakuwa na akili ya kuiweka.

Najua utasema hayo ni mambo ya timu ndogo. Haya, angalia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Msimu wa 2016/17 Miami Heat walicheza nusu ya kwanza ya msimu, mechi 41, wakashinda 11 na kufungwa 30. Mashabiki walishauzika msimu. Nusu ya pili, mechi 41 nyingine, wakashinda 30 na kufungwa 11. Kocha yule yule, Erik Spoelstra, na kwa sehemu kubwa watu wale wale, akina Goran Dragić, Hassan Whiteside, Dion Waiters na James Johnson. Kilichobadilika ni kwamba walipona na wakazoeana. Walimaliza 41 kwa 41 na hawakuingia mchujo wa kuwania ubingwa, kwa sababu Chicago Bulls walikuwa na rekodi hiyo hiyo na wao ndio waliopita. Sikufichi hilo. Subira haikupi kombe Jumatatu.

Boston Celtics nao, msimu wa 2021/22. Kufika Januari walikuwa na ushindi 18 na vipigo 21, na kelele zote zilikuwa kwamba Jayson Tatum na Jaylen Brown hawawezi kucheza pamoja, mmoja auzwe. Hawakumuuza yeyote kati yao. Walimaliza na ushindi 51, wakafika fainali, wakafungwa na Golden State 4 kwa 2. Mwaka 2024 wawili hao hao walichukua ubingwa. Walimwongeza Derrick White pembeni yao Februari 2022, na ona hapo tofauti: unaongeza mtu kwenye kile ulichonacho, mhimili wenyewe hukuugusa.

Na kama yule mwenye takwimu anakuonyesha mtu wa pointi chache, mtajie Luguentz Dort wa Oklahoma City. Drafti ya 2019, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, hakuna timu iliyomchagua. Timu yake ilishinda mechi 22 msimu wa 2020/21 na 24 msimu uliofuata. Walimvumilia kwa sababu ya ulinzi wake, na 2025 alikuwa kwenye kikosi kilichobeba ubingwa, akachaguliwa pia kwenye watano bora wa ulinzi wa ligi nzima.

Kuna mtu nitakuruhusu umwache hata leo. Asiyekuja mazoezini bila taarifa, na anayepigana na wenzake. Huyo hana dakika za kuhesabu. Lakini kwa maelezo yako, hao wanne wanakuja kila siku, na mchezeshaji wako ndiye wa kwanza kufika. Umeandika mwenyewe. Soma tena sentensi yako.

Kwa hiyo usiku wa leo fanya hivi. Chukua video za mechi zako 11, kama huna zote chukua ulizonazo. Chora karatasi yenye safu tatu: watano waliingia dakika ipi ya mechi, wakatoka dakika ipi, na matokeo yalikuwa ngapi mwanzoni na mwishoni mwa kipande hicho. Kila akitoka mmoja, funga mstari, anza mwingine. Inachosha, mimi ilinichukua siku nne, jioni kwa jioni. Ukimaliza jumlisha dakika za watano wako wakuu na tofauti ya pointi zao. Wakiwa chini ya 200, tatizo lako la kwanza ni kwamba hawajacheza, na dawa yake ni wewe kuacha kuwatoa kila mkipitwa. Waache uwanjani wapitwe, wajifunze kurudi wenyewe.

Halafu mazoezini simama kati ya uwanja, fumba macho dakika tano wakati wanacheza watano kwa watano. Sikiliza ni nani anaita. Huyo usimguse hata kama anafunga pointi mbili kwa mwezi.

Wafadhili waonyeshe hiyo karatasi, wengi wao hawajawahi kuonyeshwa kitu zaidi ya matokeo. Mengine uliyouliza wadau watakujibu, mimi naomba jambo moja tu: kabla ya Ijumaa rudi kwenye uzi huu uandike dakika zako za pamoja ni ngapi. Niko macho mpaka saa sita kila siku, na nitakusaidia kuzihesabu kama zinakushinda.