Mvua Inaponyesha na Mtoto Yuko Ndani

Juma lililopita, dada mmoja anayeishi ghorofa ya tano huko Pipeline, Embakasi, aliniandikia kwamba mvua imemfungia ndani pamoja na mwanawe wa miaka 4, naye mtoto hulilia simu kutwa nzima. Aliniuliza mimi nilifanyaje. Namjibu kwa kirefu kwa kuwa jambo hili nimelipitia, na kidonda chake hakijapona vizuri.

Mwaka wa 2024, mvua za masika zilipoleta mafuriko jijini Nairobi na muhula wa pili wa shule, uliopaswa kuanza tarehe 29 Aprili, ukasogezwa hadi tarehe 13 Mei, nilibaki na wanangu wawili, wa miaka 3 na 5, katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala mtaani Umoja. Siku za kwanza niliwawashia katuni tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni. Siku ya nne, jirani wa chini alipanda ngazi akaniambia, watoto wenyewe wakisikia, kwamba wanarukaruka kama watoto wasio na mama.

Usiku huo sikulala. Wanangu walikuwa na mama, tena mama mwenye bidii, ila nilikuwa nimewakalisha kutwa na miili yao ilidai haki yake giza lilipoingia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kuchangamsha mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Mimi nilikuwa nimeugeuza juu chini.

Asubuhi yake niliwatengenezea unga wa kufinyanga: nilichanganya vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe cha chumvi, kijiko cha mafuta, na maji kidogo kidogo hadi unga ukashikana. (Unga wa ugali haufai, humeguka.) Nusu niliitia manjano, nusu nyingine maji ya bitiruti. Chumvi huufanya ukae siku kadhaa ndani ya mkebe uliofunikwa, lakini kwa sababu ya chumvi hiyo hiyo mtoto asiachwe aule. Niliketi sakafuni nikafinyanga nao kwa robo saa, kisha wakaendelea peke yao nami nikafua nguo zote. Siku niliyowapa unga nikaondoka, walipigana kabla maji hayajachemka. Mtoto humtaka mtu kwanza, kichezeo baadaye.

Kuruka nilikuhamishia kwenye godoro lililotandazwa sakafuni, saa nne asubuhi, jirani akiwa kazini. Katoni kubwa ya dukani ikawa matatu: mkubwa akawa kondakta, akikusanya nauli ya vifuniko vya chupa na kuvihesabu kwa sauti. Kuchambua maharagwe na ndengu nilimpa mkubwa peke yake, kwa maana mdogo angeweza kukabwa na punje. Stima ikipotea, tulitegeana vitendawili.

Wazazi wenzangu, tuache kuhesabu vichezeo tusivyoweza kununua. Tuketi chini na watoto wetu.

Nawe dada yangu wa Pipeline, kesho weka unga huo wa kufinyanga mezani kabla simu haijawashwa, kisha anza na nyoka wa unga, kwa sababu hata mkono wa miaka 4 huweza kumviringisha.