Siku ya kusafishwa damu siyo siku ya kupima imani

Ujumbe wa binti mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, umenifanya niweke kando mada niliyoiandaa. Mama yake figo zote mbili zimeshindwa kazi, anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Sasa kikundi cha maombi kimemshauri aache mashine kwa siku saba "ili Mungu apate nafasi". Binti anauliza: nikimzuia mama, nitakuwa nimekosa imani?

Hujakosa imani. Mzuie, tena asikose hata kipindi kimoja.

Figo zikishasimama, maji na potasiamu (madini yaliyomo kwenye vyakula vingi) havina pa kutokea. Maji yanaanza kuonekana kwenye vifundo vya miguu, kisha yanapanda mapafuni, na mgonjwa anashindwa kulala chali. Potasiamu ni mbaya zaidi kwa sababu haimvimbishi mtu; inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Ndiyo maana ratiba ni mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila kipindi. Hata ile nafasi ya Ijumaa hadi Jumatatu madaktari huiangalia kwa wasiwasi, maana ndiyo ndefu kuliko zote. Siku saba! Anayeshauri hivyo hatakuwepo saa nane ya usiku mama atakapokuwa anatafuta pumzi.

Wanaoshika Yakobo 5:14 waisome taratibu. Mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Hakuna aliyeambiwa aache tiba. Hezekia aliahidiwa uzima, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Paulo, ambaye kwa mkono wake wagonjwa wengi walipona, alimwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi, na hakumwandikia barua ya kumlaumu kwa imani haba.

Tuje kwenye mambo ya kanisani, maana huko ndiko upendo unakoleta madhara bila kujua.

Wageni hawaji mikono mitupu, na Dodoma mkono huo mara nyingi una ubuyu. Juisi ya ubuyu ni potasiamu tupu kwa mgonjwa huyu. Ndizi, parachichi, machungwa, madafu na zabibu kavu navyo aviache mpaka mtaalamu wa lishe aseme kiasi. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Mboga za majani vivyo hivyo. Tatizo ni mlenda: huwezi kuumwaga maji ukabaki mlenda, na ukiwekwa magadi unaongeza sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ukiungwa karanga unaongeza fosforasi, madini mengine yasiyo na pa kutokea. Najua kumwambia bibi wa Kigogo ale ugali bila mlenda ni kama kumwambia asile. Mpikieni kidogo, bila magadi, siku ambazo daktari ameridhia, na asile mboga nyingine siku hiyo.

Maji ndiyo vita ya kila siku, hasa Oktoba na Novemba mvua ikiwa bado na upepo mkavu unakausha midomo. Kipimo hutoka kwa daktari. Kanuni inayotumika sana ni mkojo wa saa 24 kujumlisha nusu lita. Uji, chai, supu na barafu vyote ni maji. Asubuhi jaza chupa kiasi kile alichopangiwa. Kila akinywa kikombe cha chai, mimina kikombe kama hicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kiu ikimbana, asukutue na kutema, au anyonye kipande cha limao. Chumvi ikipungua jikoni, kiu nayo hupungua. Wengi hupambana na kiu huku chumvi ikiwa mezani.

Mfungo mkavu, basi, siyo wake, hasa kama ana kisukari pia. Na kama bado anasafishwa damu kwa mpira wa shingoni, ubatizo wa maji mengi usubiri: maji yakiingia hapo, vijidudu vinakwenda moja kwa moja kwenye damu. Mafuta ya upako yaishie kwenye paji la uso.

Akishatengenezewa fistula ya mkononi, yaani mishipa miwili iliyounganishwa kwa upasuaji ili kusafishia damu (siyo ile ya uzazi), mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebi ndoo, haulaliwi. Wala haushikwi kwa nguvu na mwombaji aliyepandwa na jazba. Kila asubuhi aweke vidole vya mkono mwingine juu ya mshipa. Atasikia mtetemo, kama paka anayekoroma. Pale pale aombe. Ni sala ambayo mwili wake unaijibu. Asubuhi asipousikia, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje zamu yake.

Kanisa linalotaka kusaidia lipige hesabu ya nauli. Safari 3 kwa wiki, kwenda na kurudi, mgonjwa na msindikizaji: nauli 12. Jumuiya ya kaya 12, kila kaya nauli moja kwa wiki. Kwa anayetoka Ihumwa au Chamwino hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, hiyo ni huduma kuliko mkesha. Wanaokosa vipindi kwa kukosa nauli hawahitaji kukemewa pepo.

Kuhusu moyo kuchoka: mama akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki mbili, mwambieni muuguzi. Akisema "bora nife" au anataka kujidhuru, msingoje hata siku moja. Mjini kwetu jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limegeuzwa matusi na utani, na utani huo unawanyima watu tiba.

Kwa zile saa nne kwenye kiti, mkono mmoja ukiwa umefungwa, Biblia ya kusikiliza kwenye simu inafaa kuliko kitabu. Zaburi moja kila kipindi. Akianza na ya kwanza Jumatatu, Zaburi zote 150 zinaisha wiki ya 50. Ya 119 ina aya 176, asiihofu, muda upo. Jumatatu ya wiki ya 30 atafika ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila jibu lolote. Msiiruke. Aisikilize yote, alie kama anataka kulia, mashine iendelee kuzunguka. Jumatano ni zamu ya 89.